Kituku: plastiki ya ziwa inatoka kwa nani?

GOMA – Mabishano yalianzia kwenye beseni la sambaza. Mvua ya usiku ilikuwa imetoka kukatika, na pale Kituku, katika kartié Kyeshero, ziwa Kivu lilikuwa limeacha ukingoni mstari mrefu wa takataka: saché nyeusi, saché za maji ya kunywa, vifuniko vya chupa, kambambili ya mguu mmoja, kipande cha bidoni ya njano. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa anatoa uchafu ndani ya nyavu zake, alimgeukia mama mmoja muuza sambaza na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

“Tangu nyinyi madeplasé mulifika hapa, ziwa limeoza. Ni nyinyi munatupa hizi saché.”

Yule mama hakusimama. Aliendelea kupanga samaki wake kwa mafungu, kisha akajibu:

“Papa, mimi nilitoka Masisi na mutoto ku mugongo na sufuria ku kichwa. Sikuleta saché.”

Watu walicheka, ila maneno hayakuishia pale. Jioni ile kamati ya wavuvi ilikaa, na kesho yake uamuzi ukatoka: wamama wote waliotoka kambini waache sehemu ile ya kuuzia, wahamie juu karibu na barabara, mpaka ukingo utakapokuwa safi.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuuza samaki, hilo ni jambo la kutembea mita chache tu. Lakini sambaza hununuliwa pale mtumbwi unapofika, alfajiri, na aliye mbali hupata mabaki au hapati kabisa. Mama huyu huchukua beseni kwa deni na kulipa saa sita mchana. Asiyeonekana karibu na mtumbwi hakopeshwi. Na nyumbani, katika chumba kimoja alichopewa na familia iliyompokea baada ya kambi za pembeni ya Goma kuvunjwa mwezi wa pili 2025, kuna watoto wanne wanaosubiri faida ya beseni hilo.

Aliyeingilia kati ni mwalimu wa biolojia wa shule moja ya sekondari, mkaaji wa kartié ile ile, ambaye wanafunzi na hata wavuvi humwita Prof. Hakusimama kumtetea mama. Aliiambia kamati jambo moja tu: kabla ya kufukuza watu, plastiki yenyewe iulizwe inatoka wapi. Aliomba majuma mawili. Wakampa, nusu kwa heshima, nusu kwa hamu ya kuona ni mchezo gani atauleta.

Saché nzima kila mtu anaiona. Prof alitaka ile ambayo macho huiruka. Plastiki haiozi kama jani la ndizi. Jua huikausha, inakuwa ngumu, inapasuka. Makoro, hayo mawe ya volkano yenye meno ambayo mji wote wa Goma umekalia, huisaga chini ya viatu na magurudumu ya pikipiki. Mawimbi humalizia. Kinachobaki ni chembe, na zile zisizofika milimita 5 ndizo wataalamu huziita mikroplastiki. Jina hilo lilienea tangu mwaka 2004, Mwingereza Richard Thompson na wenzake walipotoa utafiti wao juu ya plastiki iliyopotelea baharini. Chembe nyingine hata hazisubiri kuvunjika: hutoka zikiwa ndogo tangu siku ya kwanza, kama nyuzi ambazo nguo za poliesta huachia zinapofuliwa.

Maabara Prof hakuwa nayo. Alikuwa na lupu moja ya shule, kile kioo cha kukuzia vitu, chupa tano za kioo zilizokuwa na jamu, chumvi ya jikoni, na kitambaa cheupe cha pamba ambacho mke wake alikitoa kwa manung'uniko. Pamoja na wanafunzi wake alichota mchanga na matope sehemu tano: ukingoni kwenye maji, mdomoni mwa mtaro unaoteremka ziwani, pale ambapo wamama hufulia, karibu na soko dogo la juu, na mwisho kabisa kando ya barabara ya lami, mbali na ziwa.

Njia aliyotumia mtu yeyote anaweza kuifanya nyumbani. Chumvi huyeyushwa katika maji mpaka maji yakatae kupokea nyingine. Maji hayo huwa mazito. Mchanga ukitiwa humo na kukorogwa, mawe hushuka na sehemu kubwa ya plastiki huelea. Hata naileni ya nyavu, ambayo katika maji ya kawaida huzama, hapa huja juu. Plastiki ya chupa za maji na za soda haiinuki, ni nzito mno, kwa hiyo anayehesabu kwa chumvi ajue kwamba chupa zimemkimbia. Maji ya juu huchujwa kwa kitambaa, na kila chembe inayotiliwa shaka huguswa na sindano iliyopashwa moto. Plastiki hujikunja au huyeyuka. Kipande cha jani huungua tu.

Kosa la kwanza lilikuwa la Prof mwenyewe. Chupa ya kwanza ilijaa nyuzi za bluu, nyingi ajabu, na wanafunzi wakashangilia kwamba mchafuzi amepatikana. Prof akaangalia nguo zao. Bluu na nyeupe, sare ya shule za nchi nzima. Vijana walikuwa wameinama juu ya chupa nusu saa, kila mmoja akidondosha nyuzi za suruali yake ndani. Akamwaga yote na kuanza upya, safari hii kila chupa ikifunikwa na sahani na kila mtoto akisimama hatua mbili nyuma. Haikuwa aibu. Katika maabara kubwa za Ulaya pia wachunguzi huvaa pamba, na huweka chombo kitupu pembeni ili wajue ni nyuzi ngapi zinaingia kutoka hewani.

Shida ya pili ilikuwa ya Goma peke yake. Mchanga wa hapa ni mweusi, na chembe za matairi nazo ni nyeusi. Pikipiki zinazopanda na kushuka kwenye makoro huacha mpira barabarani kila siku, na mvua huuosha kuelekea ziwani. Kwa macho huwezi kuutenga na mchanga wa volkano. Msichana mmoja wa mwaka wa tano ndiye aliyegundua namna: alizibonyeza kwa ncha ya sindano. Jiwe hukwaruza au huvunjika. Mpira hubonyea na kurudi.

Siku ya nane Prof alishuka Kituku na sahani nyeupe. Alipanga chembe kwa aina juu ya meza ya kuuzia samaki, akaweka lupu pembeni, akaita kamati, wamama, na yeyote aliyependa. Mvuvi mzee alikuwa wa kwanza kusogea. Aliona vipande bapa kama nyuzi pana, vya bluu na vyeusi, na hapo hapo akasema: “Munaona? Shitingi. Shitingi ya kambi.”

Mama muuza sambaza aliomba lupu. Kwa muda hakuna aliyesema. Kisha aliweka kidole juu ya vile vya bluu.

“Hii haiko yetu.”

Akaeleza, na alieleza vizuri kuliko mwalimu, kwa sababu alilala chini ya shitingi miaka miwili, aliishona, aliiziba, aliilaza mtoto mgonjwa juu yake. Shitingi ya HCR ni nyeupe nje na nje, pande zote mbili. Ukiibambua ile ngozi nyeupe, ndani unakuta imesukwa kwa nyuzi nyeusi, ndiyo maana jua halipenyi. Ya bluu hununuliwa dukani. Hufunika mizigo ya malori, mbao za maseremala, magunia ya makala ndani ya mitumbwi. Wenye mitumbwi wachache waliangalia pembeni.

Mambo yangeishia hapo, na mama angekuwa ameshinda. Lakini aliendelea kupekua sahani kwa ncha ya kucha, akatoa nyuzi mbili nyeusi zilizokuwa bado na magamba meupe, akaziweka peke yake.

“Hizi ni za kwetu,” akasema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mmoja wa wanakamati alitaka kupiga makofi ya ushindi, ila Prof akamuuliza: kibanda kile kilicho nyuma yako kimeezekwa na nini? Watu waligeuka. Kibanda cha kukusanyia michango ya wavuvi kilikuwa na shitingi nyeupe juu, imechanika upande mmoja, nyuzi nyeusi zinaning'inia na kucheza na upepo. Kambi zilipovunjwa, shitingi zilienda kila mahali. Ziliuzwa, zilikatwa, zilikuwa paa za jikoni, milango ya vyoo, vifuniko vya vibanda vya kadi za simu. Familia iliyoiacha haina tena habari nayo. Chembe inaweza kusema ilikuwa kitu gani. Haisemi ilitoka kwenye mkono wa nani, na anayeitumia kumhukumu jirani anaibebesha neno ambalo haijalisema.

Baada ya hapo sahani ilisomwa kwa utulivu zaidi. Ngozi nyembamba, nyeusi na zisizo na rangi, ndizo zilikuwa nyingi: saché. Vipande vigumu vya njano vilikuwa vya bidoni, na hakuna nyumba Goma isiyo na bidoni ya njano. Uzi wa kijani, mwembamba na wenye kung'aa, mvuvi mzee aliushika kati ya vidole viwili, akautambua kabla ya wengine, akaurudisha kwenye sahani bila neno. Kulikuwa na sponji ya godoro. Na nyuzi za nguo za kila rangi, nyingi zaidi katika chupa iliyotoka mahali pa kufulia, ambapo wake wa wanakamati na wamama wa kambini hufua bega kwa bega, wakisugua juu ya makoro.

Suala la nguo liliwashangaza wengi. Wanawake walidhani sabuni ndiyo inayochafua. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima mashine ya kufulia yenye kilo 6 za nguo za akriliki, wakakuta mzigo mmoja unaachia nyuzi zaidi ya 700,000. Mwaka uliofuata shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikadiria kwamba katika zile chembe zinazoingia baharini zikiwa ndogo tangu mwanzo, asilimia 35 hutoka kwenye ufuaji wa nguo za aina hiyo, na asilimia 28 kwenye matairi. Hesabu hizo ni za dunia nzima na za bahari, si za Kituku. Hata hivyo zinatosha kumnyamazisha anayefikiri uchafu ni saché peke yake.

Swali la kamati lilikuwa bado: nani? Ndipo Prof alipoweka mbele yao chupa ya tano, ile ya barabara ya lami. Ilikuwa na ngozi za saché na vipande vya njano kuliko ile ya ukingoni. Siku mbili baadaye, mvua ilipoanza, watu sita walifuata mtaro kwa miguu kutoka ziwani kwenda juu, mvuvi mzee akiwa mmoja wao, suruali imekunjwa mpaka magoti. Kila kona ya avenue ilikuwa na lundo lake. Maji yalifika, yakalibeba, yakaenda. Kwenye mlango mmoja mzuri wa chuma kijana wa kazi alitoka na ndoo ya takataka, akangoja maji yaongezeke, akaimwaga. Hakuwa deplasé. Alishangaa kuona watu wazima sita wamesimama kwenye mvua wanamwangalia.

Sheria ipo. Serikali ya Kinshasa ilitoa agizo tarehe 30 Desemba 2017 linalokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia saché za plastiki. Upande wa pili wa mpaka, Rwanda ilizikataza tangu 2008, na mtu wa Goma anayevuka Petite Barrière na saché mkononi anajua kwamba ataiacha pale. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba saché zote zinaletwa na maji kutoka Gisenyi wanatafuta mchafuzi wa mbali kwa sababu hajibu. Pale Kituku saché moja inauzwa hadharani, na mteja wa sambaza asipopewa anaenda kwa muuzaji mwingine.

Kinachoingia ziwani hakikai Goma. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi pale Bukavu. Plastiki nyepesi huelea kuelekea kusini, na wakaaji wa Bukavu wanaijua vizuri, kwa sababu inaziba bwawa la umeme la Ruzizi. Wafanyakazi huiopoa kwa mikono na wazamiaji hushuka chini kuitoa. Umeme unapokatika Goma, huenda saché ya mtu wa Goma imo ndani ya sababu. Inayopita bwawa huteremka mpaka ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Bujumbura, na maji ya Tanganyika nayo hutokea Kalemie kwa mto Lukuga, yakaingia Lualaba, yakawa mto Kongo, yakafika bahari ya Atlantiki. Ile nzito haisafiri. Inazama, na ziwa Kivu lina kina cha mita zaidi ya 480. Maji yake ya chini, yale yenye gesi, hayachanganyiki na ya juu, na kinachofika huko hakirudi kuonekana.

Mama muuza sambaza alikuwa na swali lake, na pengine ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Je, samaki wake wana plastiki? Prof alimjibu kwa mfano wa mbali kidogo. Mwaka 2016 ulitolewa utafiti wa samaki walionunuliwa sokoni Mwanza, Tanzania, kwenye ziwa Victoria. Matumboni mwa sangara na sato, samaki mmoja kati ya kila watano alithibitika kuwa na plastiki. Lakini sangara hupasuliwa na tumbo likatupwa. Sambaza, aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa mzima, kichwa, tumbo na mkia. Kile alichokimeza kinafika kwenye sahani. Prof alipasua sambaza kadhaa kwa wembe, ila tumbo lile ni dogo kuliko uwezo wa lupu yake. Kwa kazi hiyo inahitajika mashine inayosoma chembe kwa mwanga na kutaja plastiki ya aina gani.

“Basi niache kuuza?” mama akauliza.

Hapana, akasema Prof, na hapa alikuwa mkali, kwa sababu aliwasikia vijana wakianza kusema kwamba hata klorini haina maana kama maji yana plastiki. Kipindupindu kinaua mtoto ndani ya siku moja. Athari za plastiki mwilini bado wataalamu wanazichunguza. Anayechota maji Kituku aendelee kutiliwa klorini katika bidoni yake, bila kubishana na wale vijana wanaoitia. Kitambaa cha pamba mdomoni mwa bidoni huzuia chembe kubwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, plastiki haiondoki. Na jambo ambalo kila nyumba inaweza kuliacha leo hii: kuwasha mbabula kwa saché au kipande cha bidoni ili makala yashike haraka. Moshi ule unaingia kwa mtoto aliye mgongoni kabla hata haujafika angani, na majivu yake yana vipande ambavyo havikuungua.

Kamati ilifuta uamuzi wake kwa maneno machache na bila kuomba radhi. Wamama wa kambini walirudi mahali pao karibu na mitumbwi. Mchomeleaji mmoja wa avenue ya juu alitengeneza wavu wa vyuma, ukawekwa mdomoni mwa mtaro, na mvua ya kwanza ikaujaza mpaka maji yakaruka juu yake. Sasa kuna mabishano mapya, ya nani ausafishe na kwa franga ngapi, na takataka zikitolewa zipelekwe wapi. Kwa majuma matatu kazi hiyo imefanywa na mvuvi mzee na vijana wawili wa kambini. Wanaanza kuchoka. Chembe ndogo zinapita katikati ya vyuma kama zilivyopita siku zote.

Mama aliacha kutoa saché kwa siku tano. Alifunga sambaza kwa majani ya ndizi na karatasi za madaftari. Siku ya sita alirudi na mabaki, akashindwa kulipa deni la beseni, na siku ya saba alikuwa na fungu la saché nyeusi chini ya mguu wake, kama wenzake. Anamwuliza mteja kwanza kama ana chombo. Wachache wanakuwa nacho.

Juu ya beseni ameweka kipande chake cha mwisho cha shitingi, ili jua lisiharibu samaki. Pembe moja ilianza kubambuka, nyeusi ikaonekana. Aliikunja ndani, akaishona kwa uzi wa wavu ambao mzee alimpa.